Sebule Ni Mpya, Mbwa Ni Yule Yule: Jinsi Mtoto wa Mbwa Alivyoingia Ndani Mbulu na Hanang

Wadau, kabla hujamrushia ndala mtoto wa mbwa aliyekojoa kwenye kapeti, jiulize kwanza hilo kapeti limefika lini. Huko Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, swali la "nimfundisheje asijisaidie ndani" ni la juzi tu. Mbwa wenyewe wapo miaka nenda rudi. Kilichokuja juzi ni sebule.

Turudi nyuma kidogo. Kwenye milima ya Mbulu, hasa upande wa Kainam ambako Wairaqw wanapahesabu kuwa chimbuko lao (mtaani wengi mnawaita Wambulu), watu walijenga tembe. Nyumba hiyo ilichimbwa kwenye mteremko wa kilima, paa bapa, juu limefunikwa udongo. Ukitokea upande wa juu unaweza kukatiza zako bila kujua kwamba chini ya miguu yako kuna mtu anasonga ugali. Simulizi maarufu inasema walijificha hivyo kwa sababu ya wavamizi wa ng'ombe, Wamasai na Wadatoga. Na humo ndani hawakulala watu peke yao. Ng'ombe, ndama, mbuzi, kondoo, wote waliingizwa jioni, mlango ukafungwa, usiku ukapita.

Habari hiyo ya kuzingirwa ina ubishi wake. Mwaka 2004 mtafiti wa Kiswidi, Lowe Börjeson, alitoa kitabu kizima kuhusu kilimo cha nyanda za juu za Mbulu, akahoji kama kweli Wairaqw walijua kulima kwa ustadi ule kwa sababu tu walibanwa na maadui wakakosa pa kwenda. Ubishi wa wasomi tuwaachie wasomi. Jambo moja halina ubishi: mashamba yale ya milimani yaliishi kwa samadi, na samadi ilitoka ndani ya nyumba. Kila asubuhi kulikuwa na kazi isiyojua likizo, kuzoa mavi ya mifugo na kuyapeleka shambani, kazi ambayo mara nyingi iliwaangukia wanawake na watoto. Uchafu wa sakafuni ulikuwa mbolea, na mbolea ilikuwa chakula cha mwaka unaofuata.

Sasa mweke mtoto wa mbwa kwenye nyumba hiyo. Ndama kashusha mzigo pale, mbuzi kakojoa kule, halafu mtu aanze kumfokea kijibwa kwa vitone viwili? Kesi hiyo isingefika hata kwa mjumbe. Sakafu ilikuwa ya udongo, inanyonya, na inafagiliwa kila siku hata hivyo.

Lakini usije ukasema kwamba wazee hawakuwa na njia. Njia ilikuwepo, ila mwalimu hakuwa binadamu. Mwalimu alikuwa mama mbwa.

Hapa inabidi kuelewa maumbile yenyewe, maana ndiyo yanayoamua mengi huko mbele. Mtoto wa mbwa akizaliwa hawezi hata kukojoa mwenyewe. Mama humlamba tumboni na nyuma ndipo kitoke, na kikitoka mama anakila, pale wanapolala pabaki pakavu. Akifika kama wiki tatu anaanza kujikokota, na mwenyewe tu, bila kufundishwa na mtu, anajitenga na malazi kwenda kujisaidia pembeni. Kadiri wiki zinavyokwenda anaanza kuchagua: majani, vumbi, majivu, ile sehemu ambayo mama na ndugu zake wanaitumia. Akikaribia wiki ya nane, chaguo hilo limeshakaa kichwani. Mguu ukigusa majani, mwili unajua kazi. Mguu ukigusa mahali pa kulala, mwili unajizuia.

Kwa hiyo mbwa aliyezaliwa nyuma ya ghala la mahindi, akakaa na mama yake mpaka akakomaa, alikuwa ameshahitimu kabla hata hajapewa jina. Nje palikuwa pake. Kazi yake ilikuwa kubweka fisi akisogea, kubweka mwizi wa mifugo, kuwafuata watoto machungani. Upande wa Hanang, chini ya mlima unaopita mita 3,400, Wadatoga walikaa kwenye boma lililozungushiwa miiba, na mbwa wao alikuwa mtu wa kutembea na ng'ombe. (Jina la Mang'ati ambalo watu wengine bado wanawaita limetoka kwa Wamasai, na maana yake ni adui. Ni vizuri kulijua kabla hujalitumia kwenye utani.)

Hiyo ndiyo njia ya kwanza katika historia ya Mbulu na Hanang: muache kwa mama yake, nje, muda wa kutosha. Haina gharama, ila inataka subira na inataka uwanja.

Njia ya pili ilikuja na watu wenye viatu.

Mwaka 1910, wakati Mbulu iko chini ya Wajerumani, huko kwao Ujerumani afisa mmoja wa polisi aitwaye Konrad Most alichapisha mwongozo wa kufundisha mbwa. Ulikuja kuwa kama msahafu wa mbwa wa polisi na wa jeshi. Njia yake ilijengwa juu ya shuruti: kamba shingoni, mkono mzito, na fimbo pale inapobidi. Wenye kumbukumbu za historia watakumbuka kwamba huku kwetu miaka hiyohiyo watu nao walikuwa wanafundishwa kwa kiboko, ile hamsa ishirini, viboko ishirini na tano, ambayo imebaki kwenye masimulizi ya wazee karibu kila kona ya nchi. Hakuna haja ya kudai kwamba kitabu cha Most kilifika boma la Mbulu. Hali ya hewa ya zama ilitosha: anayekosea anapigwa, awe na miguu miwili au minne.

Lakini kuna jambo moja ambalo Most alilisema wazi na waliochukua fimbo yake wakalisahau. Alisisitiza wakati. Adhabu, na hata zawadi, inapaswa kugongana na tendo lenyewe, papo hapo. Ukichelewa, mbwa haunganishi. Wapigaji wa majumbani walibeba fimbo wakaacha saa. Ndiyo maana mpaka leo kuna mtu anarudi kazini saa kumi na moja jioni, anakuta mzigo wa saa nne asubuhi, anamkamata mbwa, anamsugulia pua kwenye mavi, kisha anajisifu kwamba "ameelewa, si unaona anavyoinamisha kichwa?" Aisee, kaelewa nini? Kaelewa kwamba wewe ukirudi nyumbani unakuwa hatari. Kesho atajisaidia nyuma ya kochi, mahali ambapo huoni. Hiyo ndiyo shule uliyompa.

Baada ya Wajerumani wakaja Waingereza. Miaka ya 1920 na 1930 walowezi, wengi wao wakiwa Wajerumani waliorudi, walifungua mashamba ya kahawa Oldeani, upande wa Karatu ambao zamani ulikuwa ndani ya wilaya ya Mbulu. Nyumba za walowezi ndizo zilizoleta kitu kigeni kabisa: mbwa anayelala ndani, kwenye sakafu ya mbao au saruji, na kibao getini kinachosema Mbwa Kali. Na ndani ya nyumba hizo alikuwemo mtu ambaye historia haikumpa jina zaidi ya neno moja, boi. Mbwa wa bwana akijisaidia zuliani, tambara linamwangukia boi. Chuki ya wazee wengi kwa wazo la mbwa kuingia ndani huwezi kuielewa bila kumkumbuka mtu huyu. Kwa babu aliyefanya kazi ile, mbwa wa ndani alimaanisha kupiga magoti na ndoo.

Wazungu walikuwa pia na njia ya gazeti. Unatandaza magazeti kona moja, mtoto wa mbwa anazoezwa kwenda hapo, halafu unalisogeza gazeti kidogokidogo kuelekea mlangoni mpaka litoke nje. Kwa London ni njia rahisi. Kwa Mbulu ya wakati ule? Gazeti la Mambo Leo, la Kiswahili, lilianza mwaka 1923, na nakala moja ikifika kijijini ilisomwa kwa sauti na mwenye kujua kusoma, ikazunguka mikono mpaka ikachoka, mwisho ikafungia chumvi. Ungemtandikia mbwa Mambo Leo wangekuita mgonjwa. Na kichekesho cha leo ni kwamba njia hiyo imepotea tena, safari hii kwa sababu nyingine: magazeti hakuna, kila kitu kimo kwenye simu.

Kuna kasoro kubwa zaidi ya gazeti ambayo wengi hawaambiwi. Linamfundisha mbwa kwamba ndani ni sehemu halali ya kujisaidia, halafu baadaye unataka afute somo hilo. Kwa mtu wa ghorofani Kariakoo asiye na uwanja, sawa, hana jinsi. Kwa mtu wa Dongobesh mwenye nusu eka ya majani nje ya mlango, ni kujiongezea kazi.

Njia ya tatu ndiyo hii inayozunguka kwenye video fupi kila siku, ya zawadi na boksi. Watu wanaiita ya kizungu, ya kudekeza mbwa. Hapo historia inawasuta, maana Tanzania ni moja ya nchi zinazojulikana duniani kwa njia hiyo hiyo.

Mzizi wake unaanzia Urusi kwa Ivan Pavlov, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi ya mmeng'enyo wa chakula, na ambaye mbwa wake walitokwa mate wakisikia ishara ya chakula kabla chakula chenyewe hakijafika. Marekani akaja B. F. Skinner, aliyeonyesha kwa panya na njiwa kwamba tendo linalofuatiwa na faida hurudiwa. Mwaka 1951 aliandika makala kwa watu wa kawaida akiwaeleza namna ya kufundisha wanyama kwa kutumia mlio mdogo, "tik", unaomwambia mnyama: hapo hapo, umepatia, chakula kinakuja. Mwaka 1984 Karen Pryor, aliyewahi kufundisha pomboo, akatoa kitabu kilichoipeleka njia hiyo kwa wenye mbwa wa majumbani. Pomboo huwezi kumpiga fimbo. Ukimuudhi anaogelea zake. Ilibidi watu wafikiri.

Sasa njoo Morogoro. Shirika la APOPO, lenye kituo chake Chuo Kikuu cha Sokoine tangu mwaka 2000, linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Wanafundishwaje? Mlio wa "tik" na kipande cha ndizi. Hakuna kiboko. Panya mmoja aliyezaliwa na kufundishwa hapo, Magawa, alipelekwa Kambodia akagundua mabomu ya ardhini zaidi ya 70, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza. Alikufa Januari 2022, mtandaoni watu wakalia kama wamefiwa na shemeji. Basi kama panya wa Morogoro anaweza kufundishwa kutambua baruti kwa ndizi, mtoto wa mbwa wa Katesh anashindwaje kutambua mlango wa nyuma kwa kipande cha dagaa?

Lakini bado hatujajibu jinsi sebule ilivyofika.

Ilifika kwa vipande. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu kutoka makazi ya kutawanyika. Hanang, mashamba makubwa ya ngano ya serikali yaliyosaidiwa na Kanada yalichukua malisho ya Wabarbaig upande wa Basotu, maeneo yanayohesabiwa kwa maelfu ya hekta, na kesi zake zikafika mahakamani. Mwaka 1973 redio ilikuwa inanguruma kampeni ya Mtu ni Afya, watu wakikaa vikundi kusikiliza na kisha kuchimba vyoo. Hiyo ilikuwa, ukipenda kuiita hivyo, taifa zima likifundishwa pa kujisaidia. Na ilihitajika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu nguruwe wa wilaya ya Mbulu uliwakagua ndimi nguruwe wa vijiji 21, ukakuta kama 17 katika kila 100 wana tegu, minyoo inayozunguka kati ya nguruwe na choo cha binadamu, na ambayo ikiingia kichwani mwa mtu inaweza kuleta kifafa. Mambo ya nani anajisaidia wapi hayajawahi kuwa mzaha huko.

Mifugo ikatoka ndani ikajengewa banda. Bati likaja, saruji ikaja, kisha vigae. Na kwa baadhi ya familia za Hanang nyumba mpya ilikuja kwa uchungu. Tarehe 3 Desemba 2023 tope lilishuka kutoka mlimani likapiga Katesh na vijiji jirani, likaua watu zaidi ya 80 na kuacha wengine bila paa. Baadaye waathirika wakajengewa nyumba zaidi ya 100 eneo la Waret. Nyumba za saruji, za kupiga deki. Mbwa aliyenusurika mafuriko ya tope hajui deki ni nini.

Hapo katikati ndipo unakutana na ugomvi kama huu, wa familia moja ya Katesh ambayo majina yake tuyaache. Kijana kamaliza kujenga vyumba vitatu, kaweka vigae, kaoa, ana mtoto wa miezi nane anayetambaa. Wizi wa pikipiki umezidi mtaani, akaagiza mtoto wa mbwa kutoka Babati. Akafika kwenye boksi la sabuni, umri wiki tano, tumbo kama mpira. Siku ya kwanza alikojoa mara tisa. Siku ya nne mtoto mchanga alikutwa kaweka kiganja kwenye mzigo.

Baba mzazi, aliyekuwa amekuja kusalimia, akatoa hukumu: "Huyu mpige, msugue pua, akirudia Jumamosi mpeleke porini." Mke akaunga mkono ile sehemu ya porini. Dada wa mwenye nyumba, yuko chuo Arusha, akatuma video kumi na mbili kwa simu. Bibi, aliyeletwa kutoka Mbulu kwa ajili ya macho, akauliza swali moja tu:

"Mjukuu wangu, mlimtoa kwa mama yake ana umri gani?"

"Wiki tano, bibi. Walisema anakula mwenyewe."

"Kula ni kitu kimoja. Mmemtoa shuleni darasa la pili, mnataka awasomee barua."

Bibi hakuwahi kumsikia Skinner, lakini alilenga penyewe. Wiki tano ni mapema mno. Zile wiki tatu za mwisho ambazo mtoto wa mbwa angejifunza kwa mama kuacha malazi na kufuata majani, alizipitisha kwenye boksi lililolowa, halafu kwenye vigae. Kwake vigae ndiyo majani. Wauzaji wanapenda kuwatoa mapema kwa sababu uji na maziwa vinagharimu, na mnunuzi anapenda kadogo kwa sababu kanapendeza kwenye picha. Gharama inalipwa sebuleni.

Na hukumu ya porini tusiipitie juu juu. Mtoto wa mbwa anayetupwa Hanang ama analiwa na fisi, ama anakuwa mbwa koko asiye na chanjo. Kichaa cha mbwa nchini si hadithi. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 yalikuwa kwamba kinaua karibu watu 1,500 kwa mwaka Tanzania, na duniani kote karibu kila kifo cha binadamu kwa ugonjwa huo kinatokana na kung'atwa na mbwa, wengi wakiwa watoto. Dalili zikishaanza, kupona ni kama hakuna. Kwa hiyo vita ya vigae vya kijana mmoja ingeweza kuishia kwenye mguu wa mtoto wa jirani. Mbwa aliyekuzwa kwa kipigo naye ana hatari yake hata akibaki nyumbani, maana anajifunza kwamba mkono unaomsogelea unakuja kuumiza, na mkono mdogo wa mtoto anayetambaa unasogea bila onyo.

Kwa hiyo achague njia gani? Kwa mazingira ya Mbulu na Hanang jibu la busara ni ndoa ya bibi na dada wa chuo, na fimbo ibaki kwa ajili ya nyoka.

Mchana, ya bibi. Anakaa nje kadiri inavyowezekana, kwenye kona moja ile ile yenye majani au mchanga, na akipatikana mbwa mkubwa mpole aliyechanjwa wa kukaa naye, vizuri zaidi, atamwiga. Kila akiamka, kila akimaliza kula, kila akimaliza kucheza, anapelekwa kwenye kona hiyo, mtu anasimama naye, haongei sana. Akimaliza tu, hapo hapo, sifa na kipande cha dagaa. Siyo mkirudi ndani. Hapo hapo. Wakati ni ule ule aliousema Most na ule ule unaotumika Morogoro.

Usiku, ya boksi. Kwenye baridi ya Mbulu ya Juni na Julai, vijiji vingine viko juu ya mita 2,000, na fisi anapita, kumwacha mtoto wa mbwa nje peke yake ni ukatili. Boksi la mbao au kreti ya soda iliyofunikwa vizuri inatosha, kubwa kiasi cha kugeuka na kulala, basi. Likiwa kubwa sana atatumia kona moja kama choo. Boksi linafanya kazi kwa sababu ya ile ile silika ya kutochafua malazi, na hapo ndipo ubaya wa wale waliokulia kwenye boksi lililolowa unaonekana: silika yao imeharibiwa, watachukua muda mrefu zaidi. Kipimo cha haraka ni kwamba umri wa miezi ukijumlisha na moja unapata saa anazoweza kujizuia. Wa miezi miwili, saa tatu hivi. Ukimfungia saa nane unamtesa, na boksi litageuka jela.

Akikosea ndani mbele yako, mkatishe kwa sauti fupi, mbebe, mpeleke nje. Akikosea ukiwa haupo, piga deki, nyamaza. Na kwenye deki kuna kosa la kitaalamu karibu kila nyumba inalifanya: kumwaga dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe juu ya mkojo mbichi. Mkojo una amonia, na klorini ikikutana na amonia inatoa hewa inayochoma mapafu, kwenye chumba ambacho mtoto anatambaa. Kausha kwanza kwa tambara au majivu, osha kwa maji na sabuni, malizia na siki iliyochanganywa na maji ili harufu ipungue. Harufu ikibaki, kwake hiyo ni alama kwamba choo kiko hapa.

Dawa ya minyoo nayo ni sehemu ya mafunzo, ingawa video nyingi hazisemi. Watoto wa mbwa karibu wote wana minyoo, wengine wameipata tumboni mwa mama au kwenye maziwa, na mtoto wa mbwa mwenye minyoo anaharisha. Huwezi kumfundisha anayeharisha kujizuia. Yule wa Katesh tumbo lake la mpira lilikuwa hilo. Daktari wa mifugo alimpa dawa, akaandika tarehe ya kurudia baada ya wiki mbili, akaandika na ya chanjo ya kichaa cha mbwa akifika miezi mitatu. Kuharisha kulikata, na nusu ya "ukaidi" wake ukaisha siku hiyo hiyo.

Ile nusu iliyobaki ilichukua wiki sita. Jumamosi ya hukumu ilipita, baba mzazi akarudi kwake akisema vijana wa siku hizi wanalea mbwa kama mapadri. Kijana mwenyewe aliweka picha mtandaoni, mbwa kakaa mlangoni akisubiri kufunguliwa, akapongezwa sana kwa uvumilivu.

Ila aliyekuwa anaamka saa nane usiku kwenye baridi, akamtoa kwenye boksi, akasimama naye gizani na dagaa mkononi, ni dada wa kazi, binti wa miaka 19 kutoka upande wa Haydom. Hakuna aliyempangia. Ni yeye aliyekuwa analala chumba cha karibu na mlango wa nyuma, na ni yeye ambaye kesho yake angepiga deki. Mbwa sasa ana miezi saba. Akitaka kutoka, anampita mwenye nyumba aliyekaa kwenye kochi, anakwenda jikoni, anamtazama huyo dada.